Kwa Utafiti Tu

Damu ni nzito kuliko maji, ndivyo tulivyolelewa tukisikia, na ukiikinga kwenye kichupa ingali na joto la mtu utakubali: nzito, nyekundu, kitu kimoja. Lakini iache. Isimamishe mahali pasipotikiswa, nusu saa hivi, uone inavyojitenga yenyewe bila kuombwa. Wekundu unaganda na kushuka. Juu yake yanabaki maji ya rangi ya majani makavu, mepesi, yanayopitisha mwanga. Katika kituo cha afya cha kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, nimeona safu ya vichupa vya namna hiyo karibu na dirisha, vikingoja gari la Lilongwe, jua la saa nne likiyapenya yale maji ya juu. Kila kichupa kina namba. Mwenye damu yuko nje kwenye benchi. Ametoka Fizi, au Uvira, au Rutana, anambembeleza mtoto, anauliza kwa Kiswahili cha kwao majibu yatarudi lini. Ndani, sehemu yake ndogo imesimama kwenye kishikio cha plastiki, tayari kusafiri kwenda mjini, safari ambayo yeye mwenyewe huhitaji kibali kuifanya.

Nimekuwa nikiyawaza yale maji ya njano kuliko ule wekundu, labda kwa sababu wekundu una watetezi wengi. Washairi wote wako upande wake. Viapo, undugu wa kuchanjiana, bendera za mataifa mapya, vyote vimekwenda kwake kuomba rangi. Maji ya njano hayana wimbo. Na hayo ndiyo yanayobeba karibu kila kitu ambacho kiungo kimoja kinakituma kwa kingine. Mafuta hayachanganyiki na maji, kwa hiyo mwili huyafunga katika vifurushi vidogo mno vilivyozungushiwa protini, navyo husafiri humo. Wataalamu huviita lipoprotini. Mgonjwa wa shinikizo la damu Lilongwe huambiwa habari zake kwa ufupi wa hukumu: kolesteroli mbaya nyingi, nzuri kidogo. Kwenye hivyo vizuri, katika sehemu ndogo tu ya vifurushi, imeshikamana protini iitwayo apolipoprotini L1. Wataalamu huiandika APOL1, nami nitawafuata. Jina lake ni la mchukuzi wa mafuta, ila sifa yake si uchukuzi. Inaua.

Inaua kimelea kiitwacho tripanosoma, chembamba, chenye mkia, kinachoogelea katika damu baada ya mbung'o kuuma. Mwaka 1902 Mfaransa Alphonse Laveran, yule aliyeiona malaria ndani ya damu kabla ya mtu mwingine yeyote, aliwadunga panya wagonjwa wa tripanosoma maji ya damu ya binadamu, na vimelea vikatoweka. Ilipita karne nzima kabla ya kujulikana kilichomo. Mwaka 1978 Mary Rifkin alionyesha kwamba nguvu hiyo imo katika vile vifurushi vya mafuta mazuri, na mwaka 2003 kundi la Etienne Pays, huko Brussels, likaitaja protini yenyewe. Namna inavyofanya kazi hunifanya nitabasamu kila niisomapo, maana kimelea hakishambuliwi hata kidogo. Kinakula. Kinaihitaji hemoglobini iliyomwagika kutoka chembe zetu nyekundu, na kimejitengenezea mlango wa kuipokea. Kifurushi chenye APOL1 huingia kwa mlango huohuo, pamoja na mlo, kikashuka hadi pale chakula kinapomeng'enywa, na uchachu wa pale ukaiamsha protini: ikajichomeka ukutani, ikatoboa, chumvi na maji vikafuata, kimelea kikavimba hadi kupasuka. Ni mgeni mlafi aliyewekewa togwa, akagugumia bila kumwangalia mwenyeji usoni. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakumfikiria mgeni wa aina hii, lakini wamempata.

Ng'ombe hana kinga hiyo. Farasi hana, punda hana, mbwa hana. Hapa ndipo ninapoketi muda mrefu zaidi, kwa sababu jambo dogo kuliko jicho linavyoweza kuona limeamua umbo la historia yetu. Mikanda mipana ya nchi hizi, kutoka bonde la Zambezi hadi kusini mwa Sudan, ilikuwa ya mbung'o, na mnyama wa mzigo akiingia humo hakutoka. Binadamu aliingia na akatoka. Kwa hiyo binadamu ndiye aliyebebeshwa. Misafara mingi, Bagamoyo hadi Ujiji, Kilwa hadi Ziwa Nyasa, ilitembea kwa miguu ya watu. Pembe za ndovu zilishuka pwani juu ya mabega na vichwa, na walioshushwa nazo utumwani walikuwa mzigo na wachukuzi kwa pamoja. Nkhotakota, kando ya ziwa, si mbali sana na Dowa tunakosimama, ilikuwa mji wa Jumbe, mtawala mfanyabiashara wa asili ya pwani, na Kiswahili kilisikika pale miongo mingi kabla ya mkimbizi wa kwanza kutoka Kivu kushuka basi Malawi. Kilifika kwa njia ya miguu. Mtu aliyestahimili msitu ambao farasi hakuustahimili hakupewa sifa kwa kustahimili kwake. Alipewa ratili sitini za kitu cha mtu mwingine. Sijui kama kuna kinga yoyote hapa duniani isiyomwita mwenye mzigo aje kuangalia nani bado amesimama.

Kinga hiyo haikuwa kamili, na Malawi inajua. Malale ya upande huu wa Afrika, yale makali yanayoweza kumaliza mtu kwa miezi, husababishwa na aina ya tripanosoma iliyopewa jina la rhodesiense mwaka 1910, baada ya kuonekana katika damu ya mtu aliyeambukizwa bonde la Luangwa, ng'ambo ya mpaka wetu wa magharibi. Aina hiyo inaishi ndani ya wanyamapori, nasi hutujia kwa bahati mbaya tunapokata kuni, kuwinda au kuvua pembeni mwa hifadhi. Miaka ya 1912 na 1913 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alikuja na mkewe Mary na wenzao, wakapiga kambi Nyasaland, upande huuhuu wa kati, kwenye vilima vinavyotazama bonde la ziwa, wakachunguza damu za watu, mbwa, nyumbu na kongoni. Bruce alihitimisha kwamba kimelea cha wanyama na kile cha binadamu ni kimoja. Mjerumani Max Taute, aliyefanya kazi naye pande za Ziwa Nyasa, alikataa. Ili kuthibitisha ukaidi wake alijidunga mwenyewe damu ya mnyama mgonjwa, na hakuugua. Kisha ikaja Vita Kuu.

Vita ile Afrika Mashariki ilipiganwa juu ya mabega. Nyumbu na farasi wa majeshi walikufa kwa mbung'o, wapagazi wakachukua nafasi yao, na wapagazi wakafa kwa makumi ya maelfu kwa kuhara damu, homa na njaa. Katikati ya hayo Taute na mwenzake Huber waliwadunga Waafrika zaidi ya mia moja damu yenye tripanosoma za wanyama, na matokeo yakachapishwa mwaka 1919: hakuna aliyeambukizwa. Kwa macho ya maabara ni jaribio zuri. Hesabu kubwa, jibu wazi. Jina la Taute liko kwenye vitabu vya tiba mpaka leo, na wale waliotoa mikono yao wamebaki hesabu. Leo tunajua kwamba Bruce na Taute walikuwa sahihi nusu nusu: kimelea ni kimoja, ila baadhi ya vimelea vimebeba jeni moja ya ziada, nami nitaifikia. Lakini siwezi kuisoma ile hesabu bila kuuona mstari unaotoka kwa mchukuzi wa pembe hadi kwa mtu wa jaribio. Ni mwili uleule uliostahimili, na mara hii mzigo ukawekwa ndani ya mshipa.

Sasa niseme habari ya unga. Katika majokofu ya maabara, Ulaya, Marekani, China, unaweza kukuta kichupa chenye chembechembe nyeupe kidogo mno, hata kuzimwaga mezani ni kuzipoteza. Hizo ni APOL1 ya binadamu ambayo haijawahi kuwa ndani ya binadamu. Tangu mwaka 1973, Stanley Cohen na Herbert Boyer walipoonyesha kwamba kipande cha jeni kinaweza kukatwa mahali fulani na kuunganishwa kwingine kikaendelea kufanya kazi, imekuwa kazi ya kila siku kuchukua maandishi ya protini ya mtu na kuyapandikiza ndani ya bakteria. Insulini ya wagonjwa wa kisukari ilipatikana hivyo, ikaruhusiwa kutumika mwaka 1982. Bakteria hukuzwa kwenye mchuzi wa vuguvugu, hupewa ishara, huanza kutengeneza kitu wasichokihitaji, huvunjwa, na kile kitu husafishwa kwa hatua nyingi, kikakunjwa tena katika umbo lake, kikakaushwa kwa baridi. Kuna kejeli ndani yake: sehemu ya APOL1 inayotoboa inafanana na silaha ambazo bakteria wenyewe hutumia kuuana. Tunawaagiza wahunzi watufulie panga la ukoo wao. Kichupa huuzwa kwa mikrogramu, hutunzwa baridi kali, na kibandiko chake kina onyo lisilobadilika, kwamba ni kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu.

Nilipoanza kuwaza habari hii, onyo lile liliniudhi. Protini ni yetu, imo katika damu ya yule mama kwenye benchi la Dzaleka, halafu inarudi duniani ikiwa na bei na katazo. Ni rahisi kuandika ukurasa mzima wa uchungu hapo, na wapo watakaoupigia makofi. Lakini baada ya Taute maneno yale yamebadilika machoni pangu. Si kwa matumizi ya binadamu, na hapohapo, binadamu hatumiki. Swali ambalo mwaka 1917 lisingeulizwa bila mkono wa mtu, leo linaulizwa kwa kutia tone la unga uliyeyushwa kwenye bakuli la vimelea na kuangalia kwa darubini. Mchukuzi wa kwanza asiye na mabega amepatikana. Unga hauumwi. Hauna mke aliyebaki Tabora. Sioni aibu kuusifu, na nadhani mtu yeyote aliyezaliwa katika nchi ambazo miili yake ilitumika kama vyombo ana haki ya kuusifu kwa sauti kuliko wengine.

Na unga umejibu maswali ya kweli. Mkulima mmoja wa India aliugua mwanzoni mwa karne hii kwa tripanosoma ya ng'ombe, aina ambayo kwa kawaida haimdhuru binadamu. Waganga walistaajabu. Damu yake ilipochunguzwa ikaonekana kwamba jeni zake zote mbili za APOL1 zimeharibika, hana protini hiyo kabisa. Waliyachukua maji ya damu yake, wakayaongezea APOL1 ya maabara, na yakaanza kuua vimelea kama ya mtu mwingine yeyote. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2006. Hakuna aliyemdunga kitu kuthibitisha. Mkulima alitibiwa kwa dawa ya kawaida, akapona. Unga ulitoa ushahidi kwa niaba yake, ndani ya bakuli.

Ile jeni ya ziada sasa. Tripanosoma ya rhodesiense inatengeneza protini iitwayo SRA, ambayo huingoja APOL1 mle ndani na kuikamata mkiani kabla haijatoboa. Hiyo ndiyo siri ya vifo vya Busoga, vya Luangwa na vya Rumphi: togwa imenywewa, na mgeni alikuwa na dawa yake mfukoni. Lakini mwaka 2010 watafiti waliochunguza figo za Wamarekani weusi, wakitaka kujua kwa nini zinafeli mara nyingi kuliko za weupe, walijikuta mlangoni pa protini hiihii. Zipo aina mbili za APOL1, wamezipa majina makavu ya G1 na G2, ambazo herufi chache mkiani zimebadilika. SRA ya kimelea inateleza pale. G2 hasa haishikiki. Walitengeneza aina hizo maabara, zikiwa unga, wakazijaribu juu ya rhodesiense, na zikaiua. Mabadiliko hayo yameenea sana Afrika Magharibi. Miongoni mwa Wayoruba, karibu asilimia 40 ya nakala za jeni hiyo ni G1. Mwenye nakala moja ana panga kali zaidi. Mwenye mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, ana panga lililo wazi ndani ya nyumba yake mwenyewe: protini ileile inayotoboa kimelea inaweza, katika chembe za chujio la figo, kutoboa mwenyeji. Kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingine nguo yenyewe ndiyo inayokula. Karibu asilimia 13 ya Wamarekani weusi wana nakala mbili. Wengi wao hawaugui kamwe. Hutokea virusi vya UKIMWI au balaa jingine likaja kusukuma, ndipo chujio linapoachia.

Tunaujua mtindo huu kutoka kwa selimundu na malaria, kwa hiyo haunishangazi. Unanichosha. Kila ngao tuliyopewa imekuja na hati ya deni, na hati hiyo humfikia mjukuu ambaye hakuuona mwitu wala mbung'o, anayeendesha basi Chicago au anafundisha hesabu Atlanta, na siku moja miguu inavimba. Babu alilipwa uhai, mjukuu anatozwa figo.

Ni vigumu kuishi karibu na Dzaleka na kutofikiri juu ya gharama za kuhifadhiwa. Mahali pale palikuwa gereza wakati wa Rais Kamuzu Banda, la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994, utawala wake ulipoanguka na Rwanda ikawaka moto, pakageuzwa kambi, pa kuwatosha watu kama 10,000 hadi 12,000. Leo ni zaidi ya 50,000, Wakongomani wengi kuliko wote, kisha Warundi na Wanyarwanda. Wengi walivuka ziwa Tanganyika, wakapita Kigoma, wakashuka Mbeya na kuingia kwa Karonga, na Kiswahili kilichowavusha kote huko ndicho kinachowaweka sokoni pamoja: nyanya, sombe, usipa, vitenge, kinyozi mwenye redio. Kiongozi wa kanisa anahubiri kwa Kiswahili, mtoto anajibu kwa Chichewa. Malawi iliwapokea, na hilo lisipuuzwe, nchi isiyo tajiri ikiwapokea wasio na kitu. Iliwahifadhi kwa masharti. Ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka vizuizi juu ya ajira na juu ya kutembea, na mwaka 2023 waliokuwa wamejipenyeza mijini, wenye maduka Lilongwe na kwingineko, walikusanywa na kurudishwa kambini. Waliostahimili wamezoeleka. Ukikaa miaka 30 bila kufa, watu huanza kuamini kwamba hali hiyo inakufaa.

Dzaleka kuna mtu ambaye watu wote wanamwita Docta, ingawa hakuwahi kuwa daktari. Kivu ya Kusini alikuwa fundi wa maabara. Alisoma vioo vya damu kwa darubini miaka mingi, na anaweza kukueleza kwa kidole hewani jinsi tripanosoma inavyozisukuma chembe nyekundu ikipita, kabla hata hujaiona yenyewe. Siku hizi anauza mandazi na vocha za simu. Nilimweleza habari za G1 na G2, nikasema, kwa uzembe wa mtu aliyesoma juzi, kwamba Waafrika wana jeni hii. Akanikata. "Waafrika gani, ndugu?" Na alikuwa na haki. Wahabeshi waliopimwa hawakuonekana na mabadiliko hayo, Afrika Mashariki ni machache kuliko Magharibi, na katika foleni moja ya mgao wa Dzaleka kuna watu ambao mababu zao waliachana maelfu ya miaka kabla hapajawa na mpaka wowote wa kuvuka. Rangi ya ngozi haimwambii daktari kilicho ndani ya kichupa. Utafiti uliotoka kwa Wamarekani weusi umewarudia Waghana na Wanaijeria, ndugu zao wa karibu zaidi katika jambo hili, na ni sawa uanzie huko. Mrundi na Mbembe wa Fizi wana habari zao wenyewe, na hazijulikani kwa kumtazama Myoruba.

Hata nyani wana la kutuambia hapa. Sokwemtu, jamaa yetu wa karibu, hana APOL1 kabisa, gorila anayo, nyani wa kawaida, yule anayeiba mahindi Dowa, ana aina inayoiua hata rhodesiense, na mwaka 2009 panya waliopewa jeni yake walistahimili kimelea hicho. Nyani haoni kundule, tunasema, tukimcheka, kumbe na sisi hatukuona alichotuzidi. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, Nairobi, walianza safari ya kumpa ng'ombe jeni hiyo ya nyani, na kama hatua ya kwanza walizalisha dume la Boran kwa njia ya kunakili chembe, wakamwita Tumaini. Tamasha kubwa la Dzaleka, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Mkongomani Menes la Plume, linaitwa Tumaini pia. Watu huja kutoka Lilongwe kucheza ngoma ndani ya kambi. Sitajenga hoja juu ya jina, Waswahili tumelitumia jina hilo kwa maduka, mabasi na zahanati. Ila nampenda yule dume. Ng'ombe atakayestahimili mbung'o atabeba mzigo, atavuta plau, atafika Nkhotakota na kurudi, na binadamu atatua kitu kutoka kichwani baada ya karne nyingi. Kisha atamwekea ng'ombe.

Kuna jibu moja la utafiti limekwisha kumrudia mtu, na limerudi Malawi. Kwa miongo mingi malale yaliyofika kwenye ubongo yalitibiwa kwa melarsoprol, dawa ya aseniki inayochoma mshipa ikiingia, na ambayo yenyewe iliua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20. Kuanzia mwaka 2019 wagonjwa waliongezeka huku, hasa Rumphi, pembeni mwa hifadhi ya Vwaza. Jaribio la vidonge vya fexinidazole kwa malale ya rhodesiense lilifanyika hukohuko Rumphi na Lwala, Uganda, kwa wagonjwa 45, watu waliokuwa wagonjwa tayari na waliohitaji kutibiwa, wakieleza dalili zao kwa lugha zao. Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliikubali. Sasa mgonjwa anameza vidonge siku kumi. Umbali ulioje kutoka kwa Taute, na nchi ni ileile, mbung'o yuleyule.

Kwa upande wa figo jibu halijarudi. Lilongwe, katika Hospitali Kuu ya Kamuzu, damu husafishwa kwa mashine kwa wale waliowahi kufika, na wengi hufika figo zikiwa zimekwisha kufunga. Nilimwambia Docta kwamba ningependa kuona kichupa cha APOL1 kwenye jokofu la Lilongwe, kikichunguzwa na mikono ya hapa, kwa damu za hapa, za Wachewa na za Wabembe. Alinisikiliza huku akigeuza mandazi. Akauliza inakaa ku baridi ya ngapi. Nikamjibu digrii 20 chini ya sifuri, 80 kama itakaa muda mrefu. Hakucheka, alikuwa anapiga hesabu ya jenereta. Kisha akasema yeye angeanza na mkojo. Watu wa shinikizo la damu wote wa kambi, kila mmoja na kikopo chake, na kijiti cha kuchovya kinachobadilika rangi protini ikivuja: hakitaki jokofu, hakitaki umeme, mtoto wa darasa la saba anaweza kukisoma. "Mambo ya jeni itafuata," alisema. "Kwanza tujue nani figo yake inavuja. Hiyo naweza kuifanya hata hapa, asubuhi, kabla ya mandazi."